Mganga Apandishwapo Cheo

Jirani yetu apandapo cheo kazini, sisi sote hufurahi pamoja na jamaa zake. Kuku huchinjwa, wazee hutoa baraka, na watoto wake hutembea mtaani kwa maringo kidogo. Ni haki yao. Lakini ziko kazi ambazo si rahisi mtu kupanda ndani yake pasipo kumwacha mwingine chini, na leo twataka kuifikiri mojawapo, nayo ni kazi ya wale wawatibuo wenye maradhi ya akili kwa kuketi nao na kuwasikiliza. Seremala afanywapo msimamizi wa karakana, meza alizozichonga hazimlilii. Mgonjwa hulia.

Tumfikirie mama mmoja asiyepata usingizi tangu alipofiwa. Kwa miezi mitano amekwenda hospitali kila Jumanne kuonana na mshauri yule yule, naye amekwisha kumwambia mambo asiyopata kumwambia mumewe wala dada yake wa tumbo moja. Jumanne moja afika na kuambiwa kwamba mshauri wake amefanywa mkuu wa huduma za akili katika wilaya nzima, na kwamba tangu leo ataonana na mwingine. Kwa wilaya hizo ni habari njema. Kwa mama huyu ni msiba wa pili, kwani yampasa aanze upya kuyafunua machungu yake mbele ya uso mgeni, na pengine hatarudi tena. Je, mshauri yule ametenda haki?

Wako wajibuo upesi kwamba cheo ni jasho la mtu, na ada za shule hazilipwi kwa huruma. Wengine husema mganga wa kweli hukataa cheo, akakaa na wagonjwa wake hata kufa. Hao wa pili twawaheshimu, ila twaona wamesahau kwamba kiti akikataacho mwema hakikai kitupu. Atakiketia mwingine, labda mtu asiyewahi kumsikiliza mgonjwa hata mmoja. Na hao wa kwanza nao wamesahau jambo, kwani sote twawafahamu Waganga Wakuu ambao hawajashika mkono wa mgonjwa kwa miaka mingi, kalamu zao zikichakaa kwa kutia sahihi hati za mafuta ya gari. Hatuwalaumu, hati hizo zisipotiwa sahihi, dawa hazifiki. Twauliza tu ni kitu gani mganga apaswa kukichukua aendapo juu, na ni kitu gani apaswa kukiacha chini.

Tusimulie habari za mtu mmoja, Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe, mganga wa maradhi ya akili. Mwaka 2005 waganga wa namna yake katika nchi hiyo waliweza kuhesabika kwa vidole vya mikono na miguu. Alikuwa na mgonjwa wake, msichana aliyekaa zaidi ya kilomita 200 mbali na Harare. Msichana alipozidiwa, mganga na mama mzazi walipatana kwamba aletwe Harare mara tu atakapopata nafuu ya kusafiri. Hakuletwa. Baada ya majuma kadhaa mama alipiga simu kusema kwamba binti yake amejiua. Mganga akauliza, mbona hamkumleta? Mama akajibu kwamba hawakuwa na dola 15 za nauli.

Jibu hilo, kama asemavyo mwenyewe, ndilo lililoyageuza maisha yake. Alikuwa na elimu, na alikuwa na nia njema. Lakini vyote viwili vilikuwa vimeketi Harare vikimngoja mgonjwa aje. Mwaka 2006 alianza kazi katika Mbare, mtaa wa zamani wa Harare wenye watu wengi, mwaka mmoja baada ya serikali kubomoa nyumba na vibanda vya watu wengi mijini. Wauguzi hawakutosha na vyumba havikupatikana. Alichopewa ni akina bibi 14, waliokuwa tayari watumishi wa afya wa mtaani, na uwanja ulio nje ya zahanati. Basi liliwekwa benchi chini ya mti.

Yafaa tusimame hapa kidogo. Yule daktari, msomi wa chuo kikuu, aliliita benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kuliketia. Akina bibi ndio waliomwambia kwamba jina hilo lawatisha watu, na kwamba afadhali liitwe benchi la urafiki. Akawasikiliza. Walimfundisha pia kutumia maneno ya Kishona yaliyo vinywani mwa watu: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kuvhura pfungwa, yaani kuyafungua mawazo. Sisi Waswahili hatuhitaji mkalimani mrefu, kwani nasi twasema fulani "ana mawazo", na kila mtu huelewa kwamba hali wala halali. Mganga huyu alikuwa amekwisha kuwa kiongozi, na kazi yake ya kwanza katika uongozi ilikuwa ile ile aliyokuwa akiifanya kwa wagonjwa, yaani kusikiliza.

Je, kazi ya akina bibi ilifaa kitu? Mwaka 2016 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida karibu nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya walioketi na akina bibi, ni kama 14 tu katika kila mia.

Tunayasikia manung'uniko ya baadhi ya wasomaji: basi tajiri apate daktari, na maskini apewe bibi kizee? Ni swali la haki, wala hatutaki kulipuuza. Kama akina bibi wangeachwa peke yao, tungelalamika pamoja nanyi. Lakini hawakuachwa. Walifundishwa hatua za kufuata na maswali ya kuuliza, na mtu aonekanaye kuwa katika hatari ya kujidhuru hupelekwa kwa mwenye ujuzi mkubwa zaidi. Bibi mwenyewe pia hubeba mzigo, maana hawezi mtu kusikiliza vilio vya mtaa mzima kisha akalala usingizi mzuri. Sharti naye awe na wa kumsikiliza. Hiyo ndiyo kazi tuionayo kuwa halali kwa mganga aliyepandishwa, na kwa ajili ya kazi hiyo twakubali aondoke chumbani.

Hata hivyo twarudi kwa mama yetu wa Jumanne, kwa sababu hesabu za wilaya hazimfuti machozi yeye. Mshauri wake alikuwa na deni moja dogo kabla ya kupanda ngazi. Angalimwambia mapema. Angaliketi naye siku moja pamoja na huyo mwingine, watu watatu chumbani, akamkabidhi kama mtu amkabidhivyo mtoto wake kwa shangazi, kwa majina na kwa salamu. Ni saa moja tu. Akosaye saa hiyo kwa kuwa ana mkutano amekwisha kuonyesha atakavyoongoza.

Na wale wapandao mbali zaidi? Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza kazi mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta. Wagonjwa wake walipanga vyumba katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao waliowapikia na kuwafulia, wakaenda kutibiwa na kurudi miongoni mwa watu. Mtu huyo baadaye alikiongoza Chuo Kikuu cha Ibadan, kisha tangu mwaka 1973 hadi 1988 akawa naibu wa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, huko Geneva. Labda wako wagonjwa wa Aro waliomkosa. Twakiri kwamba jambo hilo latusumbua kidogo. Lakini alipofika Geneva alikuwa na kitu cha kusema, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona jinsi mgonjwa apatavyo nafuu akiwa na ndugu yake kando ya jiko.

Benchi la Harare sasa limevuka mipaka, na hata Unguja limefika. Kwetu bara, jina la Mirembe bado latamkwa na wengi kwa kunong'ona au kwa mzaha. Na yuko mzazi huko Kasulu ambaye usiku huu anahesabu fedha za basi la kwenda Dodoma, yake na ya mwanawe, na za kurudi.