Eliya Alilala Kwanza

Andiko: 1 Wafalme 19:1–8



Kuna mama mmoja mzee wa ushirika wetu hapa Fedha. Kila nikimuuliza amelalaje, jibu ni lile lile: "Pasta, saa 9 usiku niko macho." Nami kwa furaha namwambia, "Haleluya! Bwana anakuamsha uombe." Mara ya tatu alinishika mkono. "Mwanangu, siombi. Naangalia tu dari hadi kuche. Chakula hakina ladha. Najiuliza Mungu bado ananiweka hapa kwa nini."

Nilinyamaza. Kumbe nilikuwa nampigia makofi mtu anayezama.

Hebu tumtazame Eliya. Ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Yezebeli anatuma vitisho, naye anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Nabii mzima amechoka kuishi! Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumwambia afunge siku tatu. Eliya alilala, malaika akamgusa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaguswa mara ya pili. Ile sauti ndogo ya Horebu ilikuja baadaye. Usingizi na chakula vilitangulia mahubiri.

Mimi nilisomea biashara, si udaktari, kwa hivyo nielewe kwa lugha ya deni. Kukosa usingizi na ugonjwa wa huzuni, yaani sonona, ni wawili wanaokopeshana. Mtu asiyelala wiki baada ya wiki yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona. Aliye na sonona naye huamka mapema mno na usingizi haurudi. Kila mmoja anamwongezea mwenzake riba, na anayelipa ni mzee wetu.

Ni kweli, umri ukienda usingizi huwa mwepesi. Lakini mzee akikosa usingizi na pia apoteze hamu ya chakula, ya watu, hata ya nyimbo alizopenda, na iendelee kwa wiki mbili au zaidi, huo si uzee tu. Wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa, na unatibika.

Angalia pia maisha yake. Amefiwa na mwenzake, ameletwa kutoka shamba akae ghorofa ya nne, watoto wako kazini kutwa. Jua halimpati, mchana anasinzia kwa kiti, usiku magoti yanauma. Pengine dawa ya presha inayotoa maji anaimeza jioni, basi usiku kucha ni choo. Na sisi kanisa tujiulize: spika zetu za kesha zinamwacha jirani mzee alale?

Wiki hii tufanye mambo manne:

1. Muulize mzee wako, "Usiku unalala? Na moyo uko vipi?" Kisha nyamaza, usikize.
2. Mtoe nje asubuhi apate jua na atembee kidogo. Chai ya majani ya jioni ipunguzwe.
3. Usimnunulie dawa za mafua ili zimlaze. Kwa wazee zinaweza kuleta kuchanganyikiwa na kuanguka.
4. Mpeleke hospitali na dawa zake zote mkononi. Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Akisema hataki kuishi, usimwache peke yake. Nendeni siku hiyo hiyo.

Huyo mama alipelekwa na kijana wake. Saa za dawa zilibadilishwa, na sasa ana mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Kuna usiku bado anaamka. Lakini Jumapili iliyopita aliniambia chapati ilikuwa tamu, nami nikasema haleluya. Safari hii nilikuwa nimeuliza kwanza.

Tuombe: Bwana, uliyemgusa Eliya chini ya mretemu, waguse wazee wetu usiku wa leo. Utufanye sisi kuwa mkono ule unaobeba mkate na maji. Katika jina la Yesu, amina.