Frateri, Mbona Unapanga Kurudi?



Mwezi Agosti, Mungu akipenda, vijana wa VIWAWA wa parokia yetu tunakwenda kupanda Mwanihana, kilele kilichojificha ndani ya msitu wa Udzungwa, mkoani Morogoro. Kazi ya kuandika mpango wa safari niliachiwa mimi, na katikati ya mambo ya hema, mchele na tochi niliweka mstari mmoja uliozua maneno: siku ya kilele, ikifika saa nane mchana, popote tulipo, tunageuka. Dada mmoja akajibu kwenye grupu: "Frateri, mbona unapanga kurudi kabla hata hatujaondoka? Hiyo ni kukosa imani. Tukiri tu ushindi." Wengi wakamuunga mkono.

Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, kwa sababu swali lake si dogo. Anauliza kama mtu anayemtegemea Mungu anaruhusiwa kujiandaa kwa kutofika.

Kwanza tuelewane kuhusu huo mlima, maana wengine wanadhani ni kama kupanda ngazi za mnara wa kanisa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara ndani yake. Ni miguu tu. Unaanzia Mang'ula, usawa wa mita kama 300, ukiwa umeyapa mgongo mashamba ya miwa na joto la bonde la Kilombero, unaishia juu ya mita 2,000 kwenye baridi na ukungu. Ni kama kilomita 38 kwenda na kurudi, siku tatu, mnalala msituni mara mbili. Miti imefunga kuanzia chini hadi juu, kwa hiyo huwezi kukitazama kilele ukakadiria umebakiza kiasi gani. Wapo tembo na nyati, ndiyo maana lazima mwende na askari wa hifadhi mwenye silaha. Mvua ikinyesha njia inateleza kama sabuni. Jua linapozama, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, ndani ya msitu giza limeshaingia kitambo. Mtu akiteguka mguu huko hakuna bodaboda wala gari la wagonjwa. Kuna mabega ya wenzake, basi.

Sasa, imani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye sisi tuliosoma falsafa tumekesha naye sana (wengine kwa mapendo, wengine kwa sababu ya mtihani), anaeleza dhambi ya kumjaribu Mungu kwa namna inayotugusa moja kwa moja. Ni pale mtu mwenye njia ya kujisaidia anapoiacha bila sababu, aone kama Mungu atamwokoa. Shetani alipompeleka Yesu juu ya mnara wa hekalu hakumwambia amkane Baba. Alimwambia aruke, na akamtolea hata Maandiko. Yaani jaribu lenyewe lilivaa nguo za imani. Na Yesu, ambaye angeweza kuruka kuliko sisi sote, alikataa.

Thoma huyohuyo anasema sehemu kuu ya busara ni kuona mbele, na neno la Kilatini analotumia, providentia, ndilo hilohilo tunalotumia kwa Maongozi ya Mungu. Kwa hiyo mtu anayekaa na daftari akahesabu maji, saa na viatu hashindani na Maongozi ya Mungu. Anayashiriki, kwa kipimo chake kidogo cha binadamu.

Najua mtaniletea Abrahamu, aliyeondoka bila kujua aendako. Sawa, lakini msomeni mpaka sura ya 22 ya Mwanzo. Siku ya kwenda mlimani aliamka mapema, akatandika punda, akapasua kuni, akachukua watumishi wawili. Huyo ni baba wa imani, na kuni zake amepasua mwenyewe! Tena anawaaga wale watumishi kwa kuwaambia kwamba yeye na kijana watarudi. Kurudi kwake si kughairi kama kwetu, nakubali, ila kule kusema "tutarudi" ndiko Kanisa linakokusoma kama imani. Na Eliya, alipokuwa safarini kwenda Horebu amechoka hata anaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, mara mbili, kwa sababu njia ilikuwa ndefu.

Lakini kuna pingamizi zito zaidi, ambalo halikutajwa kwenye grupu. Mwenzangu mmoja wa seminari ndiye aliyenibana nalo mezani. Alisema: mtu aliye juu saa nane mchana anajua mengi kuliko yule aliyeandika mpango akiwa chini. Anaiona hali ya hewa, anayajua magoti yake, labda amebakiza dakika ishirini tu. Kwa nini yule asiyejua amtawale anayejua?

Nililala nalo hilo. Jibu nililofikia ni kwamba yule wa juu anajua mengi zaidi, lakini ni hakimu mbaya zaidi. Amechoka, ana kiu, ameshalipa gharama, na anakitaka kilele. Akili ya mtu katika hali hiyo haichunguzi tena. Imegeuka kuwa wakili wa tamaa yake, na wakili mzuri hakosi hoja. Kila mtu aliyewahi kusema "dakika tano tu" akiwa na simu kitandani anajua ninachosema. Ndiyo maana nimeongeza sharti: saa ya kugeuka inaweza kurudishwa nyuma, kamwe isisogezwe mbele. Tukiona mawingu saa sita, tunageuka saa sita. Ile habari mpya aliyonayo mtu wa juu tunaipokea, ila kwa upande mmoja tu, ule ambao tamaa haina faida nao.

Na wala msidhani nadharau kilele. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 na kutangazwa mtakatifu mwezi Septemba 2025, alipenda milima kama kichaa. Juu ya picha yake moja akiwa anapanda mwamba aliandika kwa Kiitaliano maneno yenye maana ya kuelekea juu. Nami nataka kufika. Nataka sana, na ndiyo sababu sijiamini.

Jambo linaloniumiza kichwa zaidi si hilo. Ni aibu. Wapo kati yetu wenye pumu, wapo wasiowahi kutembea hata saa tatu mfululizo, na ninawajua vijana: hakuna atakayesema "nimeshindwa" mbele ya wenzake ishirini. Mkipiga kura njiani, mgonjwa atanyoosha mkono pamoja na wazima. Kwa hiyo nimeomba kila mmoja aniandikie faragha hali ya afya yake, na tumekubaliana kwamba askari wa hifadhi akisema turudi hakuna kura. Thoma anaihesabu pia ile hali ya kukubali kufundishwa kuwa sehemu ya busara. Huko Udzungwa kuna tumbili aitwaye mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji walishamjua, na jina walishampa. Mimi na shahada yangu nitatembea nyuma ya askari, kimya.

Ila askari mmoja hatoshi. Mtu akizidiwa siku ya pili asubuhi, na askari ni mmoja, ama kundi zima linageuka kwa ajili yake, ama yeye anajikokota ili asiwaharibie. Atajikokota, mnajua. Ruhusa ya kurudi ambayo inawagharimu wenzako safari yote si ruhusa. Tukiwa na askari wawili, mmoja anateremka na mgonjwa na wengine wanaendelea, wala hakuna wa kuona haya. Hilo linaongeza mchango wa kila mtu, na hapo nimekwama tena: wanne wameshaniambia kwa bei hiyo hawatakwenda. Tumewalinda wenye mapafu dhaifu kwa kuwafungia nje wenye mifuko dhaifu.

Tunakaa Jumapili baada ya Misa ya pili. Mimi nimependekeza tufute fulana za safari, fedha yake iende kwa askari wa pili na nyingine ijazie kwa hao wanne. Hapo ndipo ugomvi wenyewe umeanza, maana fulana zilishachorwa, na nyuma zimeandikwa "Tumefika".