Je, Mwenye Njaa Ana Deni kwa Ndege?



Wengi wenu hapa Nakivale mmesikia habari ya kiota cha kanga kilichotugombanisha mwaka jana tulipokuwa kwenye kazi ya nyasi. Wengine mlicheka, wengine mliudhika, na hata katika kikundi cha maombi maneno hayo yalirudi tena na tena. Tumeona ni vema tuyaandike, kwa sababu swali lililo ndani yake si la ndege tu.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, wamama saba na wanaume wanne. Mfugaji mmoja wa nje ya kambi, mwenye ng'ombe wa pembe ndefu wa nchi hii ya Ankole, alitaka nyasi za akiba kwa ajili ya kiangazi, wakati malisho yanapokauka na maziwa kupungua. Tulikubaliana kulipwa kwa kila robota, na fedha tugawane sawa.

Asiyewahi kufanya kazi hii huiona ni rahisi. Nyasi hukatwa kwa fyekeo zinapoanza kutoa maua, hutandazwa juani siku mbili au tatu, na hugeuzwa ili zikauke pande zote. Zikifungwa zingali mbichi huota ukungu, na zikirundikwa nyingi zinaweza kupata joto hata zikawaka. Zikiisha kukauka hushindiliwa ndani ya kasha la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, urefu wake karibu mita moja. Kamba hutandikwa kwanza, mmoja anajaza na mwingine anaingia ndani kukanyaga, kisha kamba zinafungwa na kasha linainuliwa. Robota lililokanyagwa vizuri linaweza kufika kilo 15 au zaidi. Likiwa legelege, kapita analikataa, na jasho lako limepotea.

Tulidhani shamba la nyasi ni tupu. Tulikuta sivyo. Kwale waliruka kutoka chini ya miguu yetu hadi mioyo ikashtuka. Sungura alikimbia kati ya wakataji wawili. Panya walihamisha watoto wao. Siku ya pili, kijana mmoja alipogeuza nyasi zilizolala, alikuta kifutu amejikunja chini yake. Nyoka huyo hakimbii mtu. Hulala kimya akitegemea rangi yake, na ndiyo maana hukanyagwa. Alikuwa mahali ambapo wamama walipaswa kupitisha mikono. Tulimuua, na hatuoni kwamba tulitenda dhambi. Tangu hapo tuligeuza nyasi kwa fimbo ndefu kwanza, si kwa mikono mitupu.

Siku ya tatu ndipo fyekeo lilipomfikia kanga. Aliruka akipiga kelele, na pale alipokuwa amelala palikuwa na mayai tisa, yamewekwa chini tu katika shimo dogo la nyasi.

Mama mmoja akasema, "Mungu ametuletea mboga." Kijana mmoja akasema, "Hapana mama, tumwachie, atarudi." Kapita akasema tusimame siku nzima tukitaka, yeye anahesabu marobota. Mama yule akajibu kwa uchungu maneno ambayo hatujayasahau: "Mimi nilifukuzwa kwangu Masisi na hakuna aliyeuliza nina watoto wangapi. Leo mnaniambia nimhurumie kanga?"

Wapendwa, hili ndilo swali. Tangu mwaka 2020 chakula cha msaada kimepunguzwa mara kadhaa, na kila nyumba inajua maana yake. Je, mtu ambaye hakuhurumiwa, na ambaye watoto wake wana njaa, bado ana deni la huruma kwa kiumbe kidogo?

Sheria ya nchi ina neno lake: Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda mnyama wa pori bila kibali. Lakini hapo kwenye nyasi hapakuwa na askari. Kilichobaki ni dhamiri.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Mungu anasema juu ya jambo hili hili: mtu aliyekuta kiota njiani, na mama amelala juu ya mayai au makinda. Tuliposoma tena tulishangazwa na mambo mawili. La kwanza, Mungu hamkatazi mtu mwenye njaa kula. Anamkataza kumchukua mama pamoja na watoto, yaani kumaliza kila kitu. La pili, ahadi inayofuata ni ya heri na maisha marefu, ile ile iliyowekwa kwa anayewaheshimu baba na mama. Amri inayoonekana ndogo kuliko nyingi imepewa ahadi ya amri kubwa.

Kwa hiyo mama yetu hakuwa mtu mbaya, wala neno lake la mboga halikuwa kinyume cha Maandiko. Tunakiri hivyo mbele ya wote, kwa sababu wako waliomsema vibaya.

Lakini lile neno lake la pili, la kufukuzwa, tumelipima na tumeona lina hatari. Hapa karibu nasi kuna mfano. Mwaka 1983 eneo la Ziwa Mburo lilifanywa hifadhi ya taifa, na familia nyingi za wafugaji zikaondolewa. Utawala ulipobadilika mwaka 1985 watu walirudi, wakaharibu majengo ya hifadhi na kuua wanyama wengi. Tunaelewa uchungu wao kuliko watu wengi wanavyoweza kuuelewa. Lakini swala na pundamilia hawakuwa wameandika amri ya kumwondoa mtu yeyote. Uchungu wetu ukimkosa aliyetutenda, hutafuta aliye karibu na asiye na nguvu. Leo ni kanga, kesho ni mtoto wa jirani wa kabila lingine.

Tena tunaona tofauti kati ya yule nyoka na yule kanga. Nyoka angeweza kutuua. Kanga alikuwa tu mahali ambapo sisi tulitaka kupita. Wengi wetu tulifukuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Hatukumdhuru mtu, tulikuwa tunaishi mahali ambapo wengine walitaka kupita.

Turudi shambani. Tulipiga kura, na wengi tukaamua kuacha duara la nyasi kuzunguka kiota, hatua tatu kila upande. Kapita akasema nyasi hizo si zetu za kutolea sadaka. Na alisema kweli. Katika Walawi 19:9-10 anayeambiwa asivune pembe za shamba ni mwenye shamba, siye kibarua. Kibarua hana pembe ya kuacha. Ana mikono yake tu. Basi tuliahidi kujazia marobota mawili kwa nyasi za kando ya barabara, baada ya saa za kazi, bila malipo.

Siku ya nne kiota kilikuwa kitupu. Maganda yalitapakaa, na alama zilionyesha ni nguchiro. Mama yule alitutazama, akanyamaza. Tungependa angetutukana.

Tumejifunza nini? Kwanza, huruma bila maarifa huweza kuwa mtego. Kichaka kimoja kilichosimama peke yake katika uwanja uliofyekwa humwonyesha mnyama mwindaji mahali pa kutafuta. Huko Scotland na Ireland kuna ndege wa nyasi, ambaye wataalamu humwita Crex crex, na ambaye wakati wa baridi ya huko huja kuishi katika nyasi za Afrika yetu ya mashariki na kusini. Mashine za kukata nyasi zilipoenea alipungua sana. Wakulima waliotaka kumwokoa walifundishwa kuanza kukata katikati ya shamba wakielekea pembeni, polepole, ili ndege na makinda wake wapate njia ya kutoka bila kuvuka uwanja mtupu. Sisi mwaka jana tulianza pembeni pande zote tukaingia ndani. Bila kujua, tuliwazingira.

Pili, gharama ya huruma haikugawanywa kwa haki. Tuliopiga kura ya kuacha kiota tuliwaburuta wote kufanya kazi ya jioni ile. Mama mwenye watoto watano alikanyaga nyasi bila malipo kwa ajili ya uamuzi ambao hakuukubali. Huruma ambayo tajiri wa huruma anaitangaza na maskini anailipia haimpendezi Mungu. Sisi tuliotaka kiota kibaki tulichanga tukamlipa sehemu yake, tena tulichelewa.

Tatu, wakati wa kuhurumia ni kabla ya fyekeo kuinuliwa. Mwaka huu tulikwenda kwa mwenye shamba kabla ya kazi kuanza. Tulimwomba atukubalie kuanzia katikati, na kuacha ukanda mmoja kando ya kinamasi, ambako nyasi hazikauki vizuri. Alikubali bila maneno mengi. Kumbe hakuna aliyewahi kumwomba. Tulikata tukielekea kinamasini, na tuliona kwale na sungura wakitoka mbele yetu. Marobota hayakupungua kwa kiasi cha kutugombanisha. Kama palikuwa na kiota kingine hatukukiona, hatujisifu.

Ndugu zetu, wengi wetu tuko hai kwa sababu mtu fulani alikuja usiku akagonga mlango, akasema, "Tokeni sasa, njia ya mtoni bado iko wazi." Hakuweza kuzuia vita. Hakuweza kutupa nyumba nyingine. Alitupa onyo na njia, na pengine aliponea chupuchupu kwa kufanya hivyo. Deni hilo hatuwezi kumlipa yeye, maana wengine wetu hata jina lake hatulijui. Basi tunalilipa kwa yeyote atakayekuwa mbele ya fyekeo letu, awe mtu au kanga.

Mama yule bado anasema kwamba tungekula yale mayai, kwa vyovyote nguchiro aliyala. Bado tunafanya kazi naye na kuomba naye. Mwaka huu ndiye aliyeshika fimbo mbele yetu, akipiga nyasi na kupaza sauti ili walioko ndani wapate kusikia.

Bwana ambaye bila yeye shomoro haanguki chini azikumbuke nyumba zenu wiki hii. Amina.