Kumwajiri Mwalimu wa Viungo

Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago kilipofungua milango yake, miongoni mwa walimu wake wa kwanza alikuwamo Amos Alonzo Stagg, mkurugenzi wa idara ya mazoezi ya mwili na riadha. Aliyemwajiri ni William Rainey Harper, rais wa kwanza wa chuo, ambaye aliwahi kumfundisha Yale. Stagg, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 30, alikuwa ameazimia kuwa mhubiri, akaona kwamba mimbari si mahali pake, akaenda Springfield, Massachusetts, kujifunza na kufundisha michezo. Harper alimpa kitu ambacho mwalimu wa michezo wa Marekani wa zama zile hakukizoea: cheo cha profesa mshiriki pamoja na ajira ya kudumu.

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili huenda asione ajabu yoyote katika jambo hili. Katika lugha hii mkufunzi wa timu ya mpira huitwa mwalimu, naye huitwa hivyo bila kejeli. Vyuo vikuu, hata hivyo, havikuwa na moyo huo. Harvard ilimwajiri daktari Dudley Allen Sargent mwaka 1879 aongoze jumba lake jipya la mazoezi, akiwa na cheo cha profesa msaidizi. Miaka 10 baadaye cheo hicho hakikurudiwa tena, naye akaachiwa ukurugenzi wa jumba. Alitakiwa kwa kazi yake, lakini hakutakiwa mezani pa maprofesa. Neno viungo lenyewe lina maana zaidi ya moja: ni sehemu za mwili zinazoungana, na pia ni bizari na iliki za kukolezea chakula. Harvard, yaelekea, ilichagua maana ya pili.

Kwa hiyo uamuzi wa Harper ulikuwa na haki ndani yake. Ajira ya kudumu haikubuniwa ili kumstarehesha profesa, bali ili aweze kutamka neno lisilompendeza mkubwa wake pasi na kuhofia riziki yake. Je, mkurugenzi wa elimu ya viungo ana neno gani la namna hiyo? Analo, tena zito. Ni yeye apaswaye kusema kwamba kijana huyu ameumia na Jumamosi hatacheza, ijapokuwa wafadhili wamekwisha kata tiketi. Ni yeye apaswaye kusema kwamba fedha za mwaka huu ziende kwa mamia ya wanafunzi wasioweza hata kupanda ngazi bila kuhema, wala si kwa vijana 11 walio tayari na nguvu. Asiye na kinga hawezi kuyasema hayo mara mbili.

Lakini katika mkataba uleule mlikuwa na tamaa nyingine. Chicago kilikuwa chuo kichanga kilichotafuta jina, na Harper alitaka timu ambazo zingesafiri na kuvishinda vyuo vikongwe. Stagg akawa mkurugenzi na kocha kwa pamoja, na kwa miaka 40 aliongoza timu ya futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1905 timu hiyo iliishinda Michigan 2–0, na jina likapatikana. Viingilio vikaleta fedha, fedha zikaijenga idara, na idara ikawa na sauti yake. Kinga iliyokusudiwa kumlinda mwalimu dhidi ya shinikizo la ushindi ikaishia kuulinda ushindi dhidi ya maswali ya walimu wenzake.

Hapa ndipo kamati nyingi za uteuzi hupotea njia. Hudhani kwamba swali ni la tabia: wakimpata mtu mwadilifu, mengine yatajinyoosha. Chicago kilimpata. Stagg hakuwa mlevi wala mlaghai. Sifa yake ya uadilifu ilivuma nchi nzima. Waswahili husema kesi ya nyani usimpelekee ngedere, na huufahamu msemo huo kama onyo juu ya ngedere mwenye hila. Hebu tumfikirie ngedere mwaminifu. Naye pia, akitakiwa kupima kama mchezo wake unastahili fungu kubwa kuliko mazoezi ya wanyonge, atapima kwa mizani iliyo mkononi mwake, na atalala usingizi mwema.

Upande mwingine kuna mfano wa Amherst. Mwaka 1861 chuo hicho kidogo kilimkabidhi Edward Hitchcock, tabibu aliyesomea Harvard, kiti cha profesa wa afya na elimu ya viungo, kwa sababu viongozi wake walihangaishwa na wanafunzi waliodhoofika na kuacha masomo. Hitchcock hakuajiriwa kumshinda mtu yeyote. Aliwapima wanafunzi kimo, uzito na kifua, akaandika, mwaka baada ya mwaka, na darasa zima likafanya mazoezi kwa mdundo wa kinanda, mahiri na goigoi pamoja. Alidumu kazini hadi alipofariki mwaka 1911. Mtu anaweza kumtuhumu kwa kupenda mno takwimu. Hawezi kusema kwamba alimsahau mwanafunzi wa mwisho mstarini.

Stagg alipotimiza miaka 70, mwaka 1932, Robert Maynard Hutchins, rais kijana wa Chicago, alisimamia kanuni ya kustaafu. Kwa Stagg hilo lilikuwa pigo, na ni vigumu kutomwonea huruma: aliyeambiwa kwamba nyumba ni yake ataonaje mlango ukifunguliwa kumtoa? Akaenda California kufundisha timu ya chuo kingine, na akafanya hivyo mpaka 1946.

Jambo la maana zaidi ni lililofuata, ingawa halikuvuma sana. Kiti kiligawanywa. Thomas Nelson Metcalf aliajiriwa kuwa mkurugenzi. Clark Shaughnessy akaajiriwa kuwa kocha. Kwa mara ya kwanza katika chuo hicho mwenye kugawa fungu hakuwa yuleyule mwenye kulitaka. Mwaka 1939 Michigan iliishinda Chicago 85–0, na Desemba ya mwaka huo wadhamini wakaifuta futiboli. Wako waliolia, wako waliosema kwamba chuo kimekimbia aibu ya kushindwa kisha kikaiita falsafa, na shutuma hiyo haikukosa ukweli wote. Viwanja vya ndani vilivyokuwa chini ya jukwaa la uwanja ulioitwa kwa jina la Stagg vilikuja kutumiwa na Enrico Fermi na wenzake mwaka 1942 kwa jaribio la nyuklia.

Idara haikufungwa. Metcalf alibaki na wanafunzi wasio na mtazamaji, na ofisi ambayo haikuwa tena na kiingilio cha kuhesabu siku ya Jumamosi.