Je, Kusaidiwa ni Kosa?

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwa majivuno, "Mimi sikusaidiwa na mtu." Na wengine wakiombwa msaada hujibu, "Ajitegemee kama nilivyojitegemea mimi." Je, maneno hayo ni ya kweli? Na je, ni ya haki? Tumeona vema tuyapime kwa habari za mwendesha baisikeli mmoja wa Ufaransa, aliyepatwa na siku ngumu sana mwezi wa Julai mwaka 1913.

Jina lake lilikuwa Eugène Christophe. Alikuwa katika mashindano ya kuizunguka Ufaransa kwa baisikeli, yaitwayo Tour de France, naye alikuwa mmoja wa waliotazamiwa kushinda. Siku hiyo walitakiwa kwenda kutoka Bayonne mpaka Luchon, mwendo wa kilomita 326, wakiipanda milima ya Pyrenees. Alipokuwa akiteremka mlima Tourmalet, ambako barabara hufika meta 2,115 juu ya usawa wa bahari, foki ya baisikeli yake ilivunjika. Sheria ilikuwa wazi: kila mshindani atengeneze chombo chake mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Basi akajitwika baisikeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi.

Humo, mbele ya macho ya wasimamizi, alifua chuma kwa mikono yake kwa muda wa saa 3 hivi. Lakini kazi ile ilihitaji mikono mitatu, naye alikuwa na miwili tu. Mtoto mmoja akamvukutia moto. Kwa ajili ya mkono huo Christophe aliadhibiwa kwa kuongezewa dakika 10 katika hesabu ya muda wake, nazo baadaye zikapunguzwa zikawa 3. Hata hivyo alipanda tena baisikeli, akaivuka milima iliyobaki, akafika Luchon. Na mwisho wa mashindano, huko Paris, alikuwa wa 7.

Wengi wakisikia habari hii huwalaumu waamuzi. Sisi hatuwalaumu upesi. Mashindano hufanywa ili ijulikane nani awazidi wenzake kwa nguvu na ustadi. Anayesaidiwa huwadhulumu wale wanaohangaika peke yao. Mwanafunzi anayenong'onezewa jibu katika mtihani huichukua nafasi ya mwenzake aliyekesha akisoma. Huruma ya namna hiyo ni wizi.

Lakini mtoto yule naye hakukosa. Yeye hakuwa mshindani. Alimwona mtu aliyechoka, mikono yake imejaa kazi, akafanya lile lililokuwa karibu naye kufanya. Sheria ilimfunga Christophe, haikumfunga mtoto.

Basi kosa letu liko wapi? Liko katika kuichukua sheria ya mashindano na kuifanya kuwa sheria ya maisha. Mjane ambaye paa lake limeezuliwa na upepo hashindani na mtu. Mgonjwa asiye na nauli ya kwenda hospitali hashindani na mtu. Hapo hatutafuti nani awe wa kwanza. Twataka wote wafike. Kumwambia mtu kama huyo, "Jitegemee," ni kumhukumu kwa sheria isiyomhusu. Kabla hatujaunyosha mkono, au kuuzuia, tujiulize: hapa tumo mashindanoni, au tumo safarini pamoja?

Tena liko neno moja zaidi. Waamuzi waliuhesabu mkono wa mtoto, lakini moto ule ulikuwa wa nani? Fuawe na nyundo zilikuwa za nani? Vyote vilikuwa vya mhunzi, na hivyo havikuhesabiwa. Hata siku ile ambayo sheria ilimtaka mtu awe peke yake, hakuweza kuwa peke yake kabisa.

Ndiyo maana yule asemaye kwamba hakusaidiwa na mtu huenda hajahesabu vizuri. Yuko aliyemlipia ada, yuko aliyemfundisha kazi, yuko aliyemwazima jembe msimu wa kwanza. Kabla hatujamfungia jirani mlango, na tukumbuke nani alituvukutia moto.