Juu ya Kupima Maumivu ya Mwenzetu

Vitu vingi vya dunia hupimwa kwa kulinganishwa na kitu kilicho nje yake. Nguo hupimwa kwa mita na nafaka kwa pishi. Muuzaji na mnunuzi wote wawili hukitazama kipimo, na wakibishana, kipimo huamua. Maumivu hayamo katika hesabu hiyo. Yako kwa mtu mmoja tu, na mwingine hawezi kuyaona wala kuyagusa. Wazee walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Walakini tabibu hana budi kuyapima, maana asipoyapima hatajua atoe dawa kwa kadiri gani, wala hatajua kama dawa yake imefaa. Basi tunapopima maumivu ya mtu mwingine twapima nini hasa, na tuna wajibu gani kwake? Nalijadili swali hili kwa mfano wa watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu, kwa sababu kwao ugumu wake huonekana wazi zaidi.

Pumzi ilipata chombo chake zamani. Mwaka 1846 John Hutchinson, tabibu wa London, alieleza habari za spirometa yake, ambayo kwayo alikuwa amepima watu zaidi ya 2,000. Hata leo mgonjwa huambiwa avute pumzi mpaka ukomo wake, kisha aipulize kwa nguvu zake zote, na hewa itokayo katika sekunde ya kwanza huhesabiwa. Hesabu hiyo ni kweli, lakini ni kweli moja katika nyingi. Wagonjwa wawili wenye hesabu sawa waweza kuishi maisha mbalimbali: mmoja huenda sokoni akarudi, na mwingine hawezi kuvaa shati lake bila ya kuketi. Jambo hili lilidhihirika miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales ya kusini, ambako Charles Fletcher aliongoza kituo cha kuchunguza maradhi ya vumbi tangu mwaka 1945. Katika kazi hiyo yalitungwa maswali ya daraja tano: kama mtu hutweta apandapo kilima kidogo, kama huachwa nyuma na wenziwe wa umri wake katika njia iliyo sawa, kama hulazimika kusimama baada ya yadi mia moja, na kadhalika. Hapana mtambo wowote ndani yake. Ni maswali matupu, na matabibu wangali wakiyatumia.

Kutweta kulipata maswali yake. Maumivu yaliachwa nyuma. Ni rahisi kufahamu kwa nini. Nyama ya pafu lenyewe haina hisia ya maumivu kama iliyo nayo ngozi, na kwa hiyo mtu hudhani kuwa mgonjwa wa mapafu hana shida ila ya hewa. Lakini pafu halikai peke yake. Mtu ambaye hewa hunaswa ndani ya kifua chake huvuta kila pumzi kwa msaada wa misuli ya shingo na mabega, na misuli hiyo huchoka, ikauma. Kikohozi kikali chaweza kuvunja ubavu, hasa wa mtu ambaye mifupa yake imedhoofishwa na uzee au na dawa za steroidi alizomeza kwa muda mrefu. Ubavu ukiuma, mgonjwa huogopa kuvuta pumzi ndefu. Pumzi ikipungua, hofu humjia. Na hofu huyazidisha maumivu yale yale yaliyoizaa.

Basi na tumwulize. Hapa ndipo penye tatizo ambalo wagonjwa wengine hawalijui. Mwaka 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, alitoa orodha ya maneno 78 katika makundi 20, ili mgonjwa achague yale yanayofanana na maumivu yake: yachomayo, yawakayo, yabanayo na mengine. Lilikuwa wazo jema, kwa kuwa lilikiri kwamba maumivu yana namna, si wingi tu. Lakini mpe orodha hiyo mtu ambaye kila baada ya maneno manne hana budi kupumzika. Kwa mtu mzima jibu ni maneno. Kwa huyu jibu ni pumzi, na twamtoza katika kile alichopungukiwa nacho. Twaweza kumhurumia kwa kumwomba namba moja tu, kutoka 0 mpaka 10. Namba huokoa pumzi, lakini hupoteza namna. Mtu asemapo saba, je, ni saba ya ubavu au ya kukosa hewa? Huenda yeye mwenyewe hawezi kuvitenga.

Kwetu sisi tusemao Kiswahili ugumu huo huongezeka. Katika lugha yetu kiungo ndicho kitendacho: jino laniuma, mgongo waniuma, kama mnyama aumavyo. Neno hilo likigeuzwa kuwa "naumwa", laweza kuwa na maana ya maumivu, na laweza kuwa na maana ya ugonjwa wowote hata usio na maumivu. Tena "kifua" ni jina la kiungo na jina la maradhi. Mwuguzi akimwuliza mzee, "Unaumwa kifua kwa kiasi gani?" mzee aweza kujibu habari za kikohozi chake, na namba ikaandikwa katika safu ya maumivu. Na tukisema "uchungu", twamkaribisha asimulie huzuni. Mtu afasiriye maswali ya kitabibu asiyajue haya hupata tarakimu safi zisizo na maana. Kinyume chake, lugha ina hazina ambayo muulizaji aweza kuitumia: kichomi si kubanwa, na kuwanga si kuwaka moto. Neno moja kama hilo, likitoka kwa mgonjwa mwenyewe, lina thamani kuliko mengi aliyosomewa.

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa namba hizi haziwezi kuhakikishwa, hazifai kuaminiwa. Nadhani wanakosea aina ya kitu. Namba ya mgonjwa haifanani na pishi. Yafanana na ushahidi. Shahidi hakataliwi kwa sababu sisi hatukuwapo. Husikilizwa, na maneno yake ya leo hulinganishwa na ya jana. Vivyo hivyo sita ya mtu huyu haiwezi kulinganishwa kwa haki na sita ya jirani yake; lakini sita yake ya jana na nne yake ya leo, baada ya dawa, zina jambo la kutuambia. Chama cha kimataifa cha uchunguzi wa maumivu, kilichotoa maana ya maumivu mwaka 1979, kiliitengeneza upya mwaka 2020, kikaeleza kwamba taarifa ya mtu juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa, na kwamba kusema ni njia moja tu ya kuyaonyesha. Maneno hayo yamfaa sana mtu asiye na pumzi ya kusemea.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, haimo katika namba isiyo kamili. Imo katika swali lisiloulizwa. Dawa kali za jamii ya afyuni zaweza kupunguza mwendo wa kupumua, na tabibu wa mapafu ana haki ya kuziogopa. Lakini aogopaye kutoa dawa huelekea kuogopa kuuliza, na maumivu yasiyoulizwa huonekana kitabuni kama kwamba hayapo. Hapo ukimya wa mgonjwa huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri hiyo ni uwongo ulioandikwa kwa wino mzuri. Hali kadhalika si kweli kwamba hapana la kufanya: kuna dawa nyepesi, kuna kumweka mgonjwa katika mkao mwema, kuna mazoezi yenye kiasi, na hata dawa kali yaweza kutolewa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Kwa hiyo wajibu wa mpimaji ni huu. Aulize habari za maumivu mbali na habari za pumzi. Aulize kwa maneno machache, kisha angoje mpaka pumzi irudi, hata kama foleni ni ndefu. Aandike neno la mgonjwa kando ya namba yake. Na baada ya kuandika atende jambo, au kama hapana jambo, amwambie kweli na asimkimbie. Mtu aliyetumia pumzi yake kutujibu ametupa sehemu ya mali yake iliyo haba, nasi tumekuwa wadeni wake.