Mji wa Mbinguni na Jembe la Duniani

Miongoni mwa maswali ya kale yanayogusa dini na maadili kwa pamoja, lipo hili: mtu aaminiye kwamba maskani yake ya kweli yako mbinguni, ana wajibu gani katika mji anaoishi leo? Wako wasemao kwamba imani ya namna hiyo humfanya mtu kuwa mzigo kwa jamii. Macho yake yako juu na mikono ameikunja. Wako pia wasemao kinyume cha hayo, kwamba mtu asiyetazamia mji ulio bora kuliko huu hawezi hata kuziona kasoro za huu. Makala haya yanakusudia kulipima swali hilo, kwanza kwa kuutazama mji wa Mungu kama unavyoelezwa katika maandiko ya Kikristo, na pili kama ulivyofikiriwa na Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyeuandikia kitabu mashuhuri.

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, yafaa tuanze na neno. Katika Waraka kwa Wafilipi, sura ya 3, wafasiri wa Biblia ya Muungano walitumia neno "wenyeji" kueleza uhusiano wa waumini na mbinguni. Mwanafunzi asomaye kwa haraka hudhani kwamba huo ni wingi wa "mwenyeji", kisha hushangaa kuona kwamba kiambishi kinachofuata ni u-. Hilo si kosa la chapa. "Wenyeji" hapo ni jina la dhahania, yaani ile hali ya kuwa mwenyeji, nalo limo katika ngeli moja na "uzee" na "uhuru". Ufasiri huo ni wa busara. Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, lakini ulifanywa koloni la Roma, na raia wa koloni hilo walihesabiwa kuwa raia wa Roma yenyewe. Basi wasomaji wa Paulo walielewa upesi kwamba wenyeji wa mtu waweza kuwa mahali pengine, ilhali miguu yake iko hapa. Tena walielewa jambo la pili: raia wa koloni hakuwekwa Filipi ili akae akingojea kurudi Roma, bali aliwekwa aishi papo hapo kwa sheria na desturi za Roma. Huo ndio ufunguo wa mambo yote yatakayofuata.

Maelezo marefu ya mji wenyewe yamo katika sura mbili za mwisho za Ufunuo, kitabu ambacho mwandishi wake, Yohana, asema alikuwa katika kisiwa cha Patmo. Malaika anaupima mji kwa mwanzi wa dhahabu. Urefu, upana na kimo chake ni sawasawa, stadia 12,000, yapata kilomita 2,200. Una milango 12, mitatu kila upande, yenye majina ya makabila ya Israeli, na misingi 12 yenye majina ya mitume. Hatari ya maelezo haya ni kwamba msomaji hushikwa na lulu na dhahabu, akasahau maana. Maana yake imejificha katika mambo matatu.

Kwanza ni umbo. Katika hekalu la Sulemani, chumba cha ndani kabisa, Patakatifu pa Patakatifu, kilikuwa dhiraa 20 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Kuhani mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia patakatifu hapo, tena mara moja kwa mwaka. Sasa mji mzima una umbo la chumba kile. Ndiyo sababu Yohana hakuona hekalu ndani yake. Kilichokuwa cha mmoja kimekuwa cha wote. Pili ni milango. Miji ya kale ilifunga milango yake usiku kwa kuhofia adui. Mji huu haufungi kamwe, na mataifa yanaleta ndani yake fahari na heshima yao. Hawaambiwi wayaache nje mambo mema waliyoyafanya duniani. Tatu, na hili ndilo kubwa, mji huo unashuka. Yohana hasemi kwamba aliwaona watu wakipanda kuukimbia ulimwengu, bali mji ukiujia ulimwengu uliofanywa upya. Anayeidharau dunia kwa jina la mji huo hajasoma unakoelekea.

Tuje sasa kwa Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, na kabla ya kuwa askofu wa Hippo alikuwa mwalimu wa balagha, yaani mwenzetu katika kazi. Mwaka 410 Wavisigothi, wakiongozwa na Alaric, waliuteka mji wa Roma na kuupora kwa siku tatu. Kwa muda wa yapata miaka 800 hapakuwa na adui wa kigeni aliyepata kuuteka. Wakimbizi walivuka bahari hadi Afrika, nao walifika na swali zito: je, Roma haikuanguka kwa sababu iliiacha miungu yake ya kale ikamfuata Kristo? Augustino alianza kujibu yapata mwaka 413, akamaliza yapata 426, baada ya kuandika vitabu 22 vinavyofanya kazi moja, iitwayo Mji wa Mungu.

Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba wanadamu wamegawanyika katika miji miwili, na kinachoitenga si kuta wala kabila wala lugha, bali ni mapenzi. Mji mmoja umejengwa na kujipenda nafsi hata kumdharau Mungu. Wa pili umejengwa na kumpenda Mungu hata kuidharau nafsi. Lakini miji hiyo, hapa duniani, imechanganyika. Raia wake hula soko moja, hulipa kodi moja, pengine huketi kanisani katika benchi moja, wala hapana awezaye kuwatenga kabla ya siku ya mwisho. Kwa hiyo Roma haikuwa mji wa Mungu ilipostawi, wala mji wa Mungu haukuanguka Roma ilipoanguka.

Hapa mkosoaji atauliza: je, mafundisho hayo hayamfundishi mnyonge kuvumilia dhuluma, akiahidiwa lulu baadaye? Swali hili si la kupuuzwa, maana wako watawala waliofurahi kuona raia wao wakitazama juu ilhali mifuko yao inatobolewa chini. Lakini Augustino mwenyewe hampi mtawala faraja hiyo. Aandika kwamba dola isiyo na haki si kitu ila kundi kubwa la wanyang'anyi, kisha asimulia habari ya haramia aliyekamatwa na Iskanda Mkuu. Alipoulizwa kwa nini anaisumbua bahari, haramia alijibu kwamba wao wawili wafanya kazi moja. Mwenye jahazi dogo huitwa mwizi, na mwenye merikebu nyingi huitwa mfalme. Mtu aliyekwisha kuuona mji wa haki, hata kwa macho ya imani tu, hadanganywi kwa urahisi na bendera ya haramia mkubwa.

Wala hamruhusu muumini kukunja mikono. Anakumbusha barua ya nabii Yeremia kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli kwa nguvu: wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, tena wauombee amani mji ule ule uliowateka, kwa kuwa katika amani yake watapata amani yao. Sisi wa nchi za Maziwa Makuu, ambako watu wengi wamelala katika kambi za ugenini wakiwa na funguo za nyumba walizoziacha, tunajua uzito wa agizo hilo. Si jambo jepesi kupanda mti katika nchi usiyotumaini kuula matunda yake.

Hata hivyo haki yatudai tuseme lililo baya pia. Augustino huyo huyo aliyefundisha kwamba miji miwili haitengani kwa macho ya wanadamu, alikubali nguvu za dola zitumike kuwarudisha Wadonato, Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa Katoliki, hasa baada ya mkutano wa Carthage wa mwaka 411. Mwamuzi wa mkutano ule alikuwa Marcellinus, ofisa wa dola na rafiki yake, ambaye ndiye aliyeandikiwa vitabu vya mwanzo vya Mji wa Mungu. Mwaka 413 Marcellinus naye aliuawa na dola ile ile kwa tuhuma za uasi, ijapokuwa maaskofu walimwombea. Upanga ulioitwa kuusaidia mji wa mbinguni haukujua kuchagua. Naona funzo hapa: kila mara watu wanaposadiki kwamba chama chao, taifa lao, au hata kanisa lao, ndilo mji wa Mungu uliokwisha kukamilika, majirani zao huwa hatarini.

Basi, mji wa mbinguni una maana gani kwa Mkristo? Kwa maoni yangu, ni kipimo. Ule mwanzi wa dhahabu aliopimia malaika unapaswa pia kuipima miji yetu: je, milango yake imefunguliwa kwa nani? Je, kilicho bora ndani yake ni cha mmoja au cha wote? Kipimo hicho kinakataza makosa mawili yanayopingana. Kinakataza kuuabudu mji wa duniani, kwa maana haujafikia kamwe. Na kinakataza kuudharau, kwa maana ndio ambao ule mwingine unaujia.

Wahenga wetu hawakuwa wakizungumza juu ya Ufunuo waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini methali hiyo yatosha kuwa jibu. Mkristo akisema kwamba hapa duniani yeye ni mgeni, na asikatazwe kusema hivyo. Apewe jembe tu, naye akilikataa, tuwe na shaka na huo wenyeji wake.